Kipande cha gato na mgeni mwenye ugonjwa wa sukari



Ndani ya kijitabu cha desturi mtu anategemea kusoma juu ya mahari, matanga, majina ya mapacha, ao namna ya kumpokea mkwe. Sisi leo tunataka kuongea juu ya gato. Tunajua kama wengine watacheka. Watasema: gato ni mambo ya Wazungu, babu zetu hawakuipika, inaingia fasi gani ndani ya desturi? Tunawajibu hivi: desturi si kile tu kilichozikwa pamoja na babu. Desturi ni kile ambacho watu watakukasirikia usipokifanya. Na hapa kwetu Bukavu, fanya ndoa bila gato, utaona.

Tazameni namna mambo yanavyopita. Kisha komini, kisha kanisa, watu wanafika kwenye sale. Watu wa protokoli wanapanga wageni kwenye viti, huyu mbele, yule nyuma, na ugomvi wa kwanza unaanzia hapo. Wakati unafika, muziki unazimwa. Bwana na bibi arusi wanashika kisu kimoja, watu wote wanahesabu kwa sauti tano, ine, tatu, mbili, moja, na kisu kinaingia. Wanalishana wao wawili. Halafu wanabeba sahani na kupeleka vipande kwa wazazi wa pande mbili na kwa wasimamizi wa ndoa. Wanapiga goti. Mama wa bibi arusi anafungua kinywa mbele ya watu mia tatu, na mkwe wake anamlisha kwa mkono.

Ile si chakula. Ukipima kile kipande ni kidole kimoja cha unga na sukari, hakishibishi hata mtoto. Ile ni neno. Mkwe anasema: kuanzia leo mkono wangu unakulisha. Na mama kwa kufungua kinywa anasema: nimekubali. Zamani neno hilo lilisemwa kwa mtungi wa kasiksi na mirija, ao kwa maziwa. Leo linasemwa kwa gato. Chombo kimebadilika, neno limebaki.

Sasa swali letu ndilo hili. Kama yule mama yuko na ugonjwa wa sukari, tufanye namna gani? Nani abadilike, mgonjwa ao karamu?

Kabla ya kujibu, tukumbushe kitu ambacho watu wa mbali hawawezi kukielewa haraka. Huku kwetu, kukataa chakula cha mtu si jambo la tumbo peke yake. Sisi tuko watu ambao tunaogopana juu ya sumu. Kila familia ya Kivu iko na hadithi yake ya karuho, ya kweli ao ya kudhaniwa, hatutaki kuingia humo. Ndiyo maana mwenye nyumba, kwa desturi, anaonja pombe yeye wa kwanza mbele ya mgeni, halafu anamkaribisha. Kwa kuonja anasema: mikono yangu iko safi. Basi mgeni akikataa hata kisha mwenyeji kuonja, amesema nini? Hata akinyamaza, amesema. Tumesikia kwa masikio yetu, kwenye arusi, shangazi mmoja akiwaambia wenzake: “Muliona? Hakukula ata kidogo. Anatuwaza vibaya.” Na yule aliyesemwa alikuwa tu mutu mwenye sukari iliyopanda, anayeogopa kipande kile kama vile tunavyoogopa nyoka, lakini aliona haya ya kueleza ugonjwa wake mbele ya wakwe.

Marcel Mauss, yule Mfaransa ambaye wengi wetu tulimsoma kwenye masomo ya elimu-jamii, aliandika ndani ya kazi yake juu ya zawadi, iliyotoka mwaka 1925, kama kuko madeni matatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Sisi huwa tunasifu sana deni la kutoa. Tunasahau kama kupokea nako ni deni, na ni deni ambalo linaweza kumponza mtu. Mgonjwa wa sukari kwenye karamu yuko katikati ya madeni mawili: deni la mwili wake na deni la ukoo. Wengi, tuseme kweli, wanalipa la ukoo. Wanakula, wanatabasamu kwenye picha, na usiku wanaamka mara tano kwenda kukojoa.

Lakini mgonjwa anaogopa nini hasa? Hapa lazima tuongee kidogo kama walimu, mtusamehe.

Mwili wa mtu unageuza vyakula vya wanga kuwa sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie ndani ya misuli na kutumika, inahitaji kitu kinachoitwa insulini, ambacho kinatoka kwenye kongosho. Kwa ugonjwa wa aina ya 1, ambao mara nyingi unaanza utotoni ao ujanani, insulini inakosekana karibu yote. Kwa aina ya 2, ambayo ndiyo inaonekana zaidi kwa wakubwa, insulini iko lakini mwili hauisikii vizuri, na polepole inapungua. Kupima asubuhi kabla ya kula kitu, daktari akikuta miligramu 126 ao zaidi kwa desilita moja ya damu, na akirudilia kipimo na kukuta vilevile, anasema ni ugonjwa wa sukari. Sukari ikibaki juu miaka na miaka, inaharibu macho, figo, mishipa, na vidonda vya miguu vinakataa kupona. Kipande kimoja cha gato hakileti hayo yote kwa siku moja. Hayo yanaletwa na vipande vingi na miaka mingi, pamoja na dawa zisizofuatwa.

Tena, na hili ndilo wengi hawajui: adui si sukari ile nyeupe peke yake. Bugali wa muhogo karibu wote ni wanga. Gramu mia za unga wa muhogo ziko na zaidi ya gramu 80 za wanga. Mchele vilevile, ndizi vilevile, mkate vilevile. Chupa ya sukure ya santilita 30 iko na gramu 30 hivi za sukari, na inaingia kwenye damu haraka kuliko gato, kwa kuwa hakuna hata kitu kimoja cha kuichelewesha. Tunawaona watu wanamnyang’anya mzee kipande cha gato halafu wanamwekea sahani ya bugali kama mlima na Fanta kando. Wanafikiri wamemlinda.

Na wale wanaosema “tutie asali, asali ni ya asili”? Asali yenyewe ni sukari kwa sehemu nane juu ya kumi. Nyuki hakusoma udaktari. Hata huko Ulaya watu walidanganyika kwa muda mrefu. Ujerumani kulikuwa na biskuti na chokoleti zilizoandikwa kama ni za wagonjwa wa sukari, wakaziuza ghali. Mwaka 2010 serikali ilifuta sheria iliyoziruhusu kubeba jina lile, na maduka yakapewa mpaka 2012 kuzimaliza, sababu wataalamu waliona kama mgonjwa hana lazima ya chakula cha pekee. Anahitaji chakula kile kile kizuri ambacho kila mtu angepaswa kula, na kipimo. Tunaomba wasomaji waliweke neno hili akilini, kwani tutalirudilia.

Basi, nani abadilike?

Jibu la kwanza ambalo tunalisikia ni hili: mgonjwa avumilie. Karamu ni ya watu mia tatu, haiwezi kupinda kwa ajili ya mmoja. Ni jibu la mtu anayehesabu, na si la kijinga. Mwenye arusi amechanga, amekopa, huwezi kumwomba apike sahani ya kila mgonjwa, wa presha huyu, wa kidonda cha tumbo yule. Lakini jibu hilo linasahau kama gato hailiwi kwa hesabu. Kama ingekuwa chakula tu, mgonjwa angeruka na kungoja nyama. Kwa kuwa ni neno, kumwambia aruke ni kumwambia akae kimya wakati ukoo wote unaongea. Na kama ni sikukuu yake yeye mwenyewe, jubilei ya ndoa ao kustaafu, ndiyo kusema avumilie kwenye siku aliyofanyiwa yeye?

Jibu la pili ni sahani ya pekee. Hili ni jibu la watoto wenye upendo, na ndilo linalotusumbua zaidi. Tulimwona mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye watoto wake walimfanyia sikukuu ya miaka 70. Waliagiza gato kubwa ya wageni, yenye krema nyeupe na jina lake juu. Kando wakamtengenezea yeye kigato kidogo, kikavu, bila krema, kwenye sahani ya bati iliyofunikwa. Walijitaabisha kweli, binti mmoja aliamka saa kumi za usiku kukipika. Wakati ulipofika mzee alikata gato kubwa kwa ajili ya wengine, akapiga makofi pamoja nao, halafu wakamletea sahani yake. Aliifunua, akatazama, akashukuru. Akasema polepole kwa jirani yake wa kiti: “Hii ni sahani ya ospitali.” Akampa mjukuu.

Watoto hawakukosa upendo. Lakini sahani ya pekee, huku kwetu, inapewa nani? Inapewa mtu anayeogopwa, mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, ao mfungwa. Mtu aliyelishwa kando amewekwa kando. Ugonjwa wa sukari hauambukizi hata kidogo, lakini sahani ile inasema kinyume.

Jibu la tatu ni uongo, na liko la namna mbili. Kuko mama anayesema “kula baba, hii haina sukari” na sukari imo, sababu anataka kumfurahisha. Na kuko anayepika gato isiyo na sukari kwa siri na kunyamaza, ili mzee asijisikie mgonjwa. Wa pili tunaona anafanya vizuri zaidi, lakini wote wawili wanaweza kumwumiza. Mtu anayejidunga insulini, tena anayejua kupima dawa yake kufuatana na chakula anachokwenda kula, akiambiwa hakuna sukari na imo, sukari yake itapanda. Akifikiri imo na haimo, atajidunga nyingi, na sukari itashuka, na kushuka ndiko kunaua haraka. Kwa hiyo hapa ukweli si jambo la katekisimu. Ni kama kusema ukweli juu ya kina cha mto kwa mtu anayetaka kuvuka.

Linabaki jibu la ine: karamu ibadilike, lakini kwa wote. Gato moja, kisu kimoja, sahani moja, na ndani yake sukari kidogo ya kumtosha kila mtu. Hili ndilo tunalolitetea. Tunalitetea kwa sababu ya desturi yenyewe, si kwa kuiga Wazungu.

Wazee wetu walijua kumpokea mgeni ambaye hali kitu fulani. Kila ukoo ulikuwa na mwiko wake, wengine husema muziro: hawa hawali mnyama huyu, wale hawagusi ndege yule. Mwenye nyumba mwenye adabu alikuwa anauliza kabla ya kuweka nyungu kwenye moto: “Ninyi ni wa ukoo gani?” Akisikia, alipika kingine. Hakuna aliyesema mgeni anatuwaza vibaya. Hakuna aliyemsihi “onja kidogo tu, hautakufa.” Muziro wa mgeni ulikuwa heshima yake, na kuuheshimu ilikuwa heshima ya mwenyeji. Tunauliza: kama tuliweza kuinama mbele ya mwiko wa ukoo, tunashindwaje mbele ya mwiko wa damu?

Mtu anaweza kutupinga hapa, na mwenzetu mmoja wa kamati alitupinga kwa nguvu wakati tulipokuwa tunasoma andiko hili. Alisema: muziro ulijulikana na wote, ulikuwa wa ukoo mzima, hakuna aliyeuonea haya. Ugonjwa ni wa mtu mmoja, ni siri yake. Ukiuliza wageni “nani yuko na sukari?” utawaaibisha. Ana haki. Lakini tunaona pingamizi lake linatusaidia. Kwa kuwa hatuwezi kumwuliza kila mtu, na kwa kuwa karibu kila karamu kubwa iko na mzee mmoja ao wawili wenye ugonjwa huo, ni afadhali gato yenyewe iwe ya namna ambayo hakuna mwenye lazima ya kujitangaza. Ndiyo faida ya kubadilisha kwa wote: mgonjwa anakula bila kusema, na asiye mgonjwa hapotezi kitu.

Hapotezi kitu kweli? Wengine watasema: gato bila sukari nyingi haina heshima. Sisi tunawakumbusha jambo ambalo wapishi wa gato wanalijua na wageni hawalijui. Zile gato za arusi za ghorofa tano, mara nyingine ghorofa mbili ao tatu ni kartoni iliyopakwa krema. Kisu kinaingia fasi moja tu, ile iliyopangwa. Wageni wanapiga makofi, picha zinatoka nzuri, hakuna aliyedharauliwa. Kama kartoni inaweza kubeba heshima ya ukoo, basi heshima haimo ndani ya sukari. Ni watu waliosimama kuizunguka ndio wanaoipa heshima.

Juu ya kipimo, kuko mfano wa Aristoteli ambao tunaupenda kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa sita. Anasema kiasi cha katikati si kimoja kwa watu wote: kama chakula cha ratili kumi ni kingi na cha ratili mbili ni kidogo, haifuati kama kila mtu apewe ratili sita, sababu kwa Milo, yule mpiga mieleka, sita ni kidogo, na kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kwa gato, usawa si kuwapa wote kipande cha ukubwa mmoja. Usawa ni wote kukatiwa kutoka kwa gato moja. Kipande cha mama mwenye sukari kiwe chembamba kama kidole, hakuna anayehesabu, wakati anayekipokea amelishwa na mkono ule ule kama wengine.

Tufike jikoni, maana falsafa isiyofika jikoni inabaki njaa. Gato ambayo wamama wengi walifundishwa na watawa ni ile inayoitwa katre-kar, robo ine: mayai, unga, sukari na siagi, kila kimoja uzito sawa. Ukitia sukari gramu 250 na unga wa ngano gramu 250, umetia gramu 250 za sukari na karibu 190 za wanga wa ngano, jumla 440. Ukiikata vipande 16, kila kimoja kiko na gramu 27 hivi. Halafu juu unapaka krema ya sukari, na hesabu inapotea. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuondoa ni krema ile. Cha pili, sukari ipunguzwe nusu. Gato itatoka ndogo kidogo na nyeupe kidogo, itakauka siku ya pili, kwa maana sukari ndiyo inashika maji, inaleta rangi, na inapopigwa pamoja na siagi inaingiza hewa. Lakini gato ya karamu inaliwa siku ile ile. Ipikwe asubuhi.

Cha tatu, na hapa iko mali yetu, tubadilishe unga. Wamama wa chama chetu wanapika hii: karanga gramu 250 zilizokaangwa na kusagwa, mayai ine, sukari gramu 60, unga wa ngano gramu 50, na ndizi moja iliyoiva iliyopondwa. Weupe wa mayai unapigwa peke yake mpaka usimame kama povu la sabuni, ndiyo utakaoinua gato. Unauchanganya mwishoni polepole, usiukoroge kama bugali. Sufuria kubwa yenye mchanga ndani, makala chini kwenye mbabula na makala kidogo juu ya kifuniko. Tulihesabu: ile yote iko na gramu 160 hivi za wanga, na kwa vipande 16 ni gramu kumi kwa kipande, karibu mara tatu chini ya ile ya kwanza. Karanga ziko na mafuta mengi, kwa hiyo usile nusu ya gato kwa kuwa umesikia ni ya afya. Na zichaguliwe vizuri, yenye ukungu ao yenye kuchacha itupwe. Aulizwe pia kama kuko mtu ambaye karanga zinamdhuru, hilo halina haya.

Vile vidonge vidogo vya utamu vya farmasi? Viko vya namna nyingi. Sakarini iligunduliwa tangu 1879. Aspartame inapoteza utamu wake kwenye moto, inafaa kwa chai kuliko kwa gato. Mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwenguni lilitoa shauri la kutovitumia kwa kupunguza uzito, lakini lilisema wazi kama shauri hilo halihusu watu ambao tayari wako na ugonjwa wa sukari. Anayetaka avitumie, ila ajue kama unga unabaki unga. Gato tamu ya kidonge iliyojaa unga mweupe itapandisha sukari vilevile.

Sasa jambo lingine, la walinzi. Tumeona kwenye karamu mtoto wa miaka thelathini anapiga kelele kutoka meza ya mbali: “Papa, wewe usikule! Muganga alikatala!” Watu wote wanageuka. Mzee anarudisha kipande kwenye sahani kama mwizi aliyeshikwa. Huku kwetu mtoto hanyang’anyi kitu kwenye mkono wa baba, hata kama baba anakosa. Tunafikiri ugonjwa haufuti sheria hiyo. Mtu mzima anayejua ugonjwa wake, anayejua kilichomo ndani ya kipande, na anayeamua kula nusu siku ya arusi ya binti yake, amefanya kazi ya mtu huru. Kazi ya watoto ni kumjulisha mapema na kumsaidia kupima kesho yake. Na mlo wa siku ile upangwe: akitaka gato, bugali ipunguzwe, sukure ibadilishwe na maji. Hayo yaongelewe nyumbani, siku mbili kabla, kwa sauti ndogo.

Ule ukali wa kunyima una historia yake. Kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto mwaka 1921, hakukuwa na dawa, na daktari Frederick Allen wa Marekani alikuwa anatibu kwa kuwapunguzia wagonjwa chakula mpaka wakakonda kabisa. Waliishi muda zaidi, kwa njaa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kudungwa insulini. Tangu siku ile kunyima si dawa tena, ila ndani ya vichwa vya wengi wetu mgonjwa wa sukari bado ni mtu wa kunyimwa.

Na kuko hatari moja ambayo inatutisha kuliko gato yote: saa. Kwenye mwaliko wanaandika saa kumi na moja, chakula kinatoka saa nne za usiku. Mgonjwa amemeza dawa yake kama vile glibenklamidi, ao amejidunga, kwa kutegemea kula. Anakaa kwenye kiti, hotuba zinafuatana, wakwe wanasalimiana, kamera inazunguka. Sukari yake inashuka. Anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kuongea ovyo. Majirani wanasema amelewa. Mtu huyo, ndugu wasomaji, anahitaji sukari upesi: vipande vitatu ao vine vya sukari, ao nusu ya chupa ya sukure, kama bado anaweza kumeza, kisha chakula. Kama amezimia, asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali mbio. Hivyo sukari ile ile tuliyoiogopa inakuwa dawa. Protokoli wa siku hizi wanajua kupanga maua. Wajue pia nani wa kupelekewa sahani kabla ya hotuba, bila kumtangaza. Familia inaweza kumwambia mmoja wao tu, kwa sikio.

Tumeongea sana juu ya wazee, tusisahau watoto. Kuko watoto wenye aina ya 1 ndani ya madarasa yetu. Mtoto wa namna hiyo akiwa na insulini na akisaidiwa kupima, anaweza kula kipande cha gato ya kuzaliwa kwake, na dawa ikahesabiwa juu yake. Kwa wazazi wengi shida si kipande kile, shida ni kupata insulini, bei yake, na fasi ya baridi ya kuiweka, ambapo wasio na friji wanaitia ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na kuiweka kwenye nyungu ya udongo yenye maji. Mwaka jana mama mmoja alituletea swali kwenye mkutano wa chama: binti yake anatimiza miaka tisa, wenzake wa darasa watakuja, afanye nini? Wamama wakampa kipimo kile cha karanga. Mmoja akaongeza kama mishumaa isimamishwe kwanza na mtoto mwenyewe akate, ili awe yeye anayelisha wengine. Mama aliandika yote kwenye karatasi, halafu akauliza kama ile ndizi inaweza kuwa mbili, sababu binti anazipenda. Walihesabu pamoja: gramu 20 zaidi, juu ya vipande 16. Wakakubali.